Mtoto anayechagua chakula: usikimbilie biskuti

Mama mmoja kutoka Mikumi alikuja kliniki na mtoto wake wa kiume wa miaka mitatu. Alikuwa amefuatana na bibi wa mtoto. Nilipomwamkia bibi aliitikia, "Marahaba mwanangu," na kabla sijauliza kilichowaleta akaanza yeye: "Daktari, huyu mjukuu wangu hali. Ugali hataki, maharage anatema, mboga ndiyo hataki hata kuiona. Mchaguzi hasa. Tupe dawa ya kumtia hamu."

Bibi akizungumza, mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake. Mkono mmoja ulishika pakiti ya biskuti, mwingine kichupa cha juisi yenye rangi ya chungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikamuuliza mama mtoto amekula nini tangu aamke.

"Hajala kitu, daktari. Amekunywa chai na andazi tu. Hizo biskuti tumemnunulia stendi ili anyamaze."

Jibu hilo nalisikia karibu kila wiki. Kwa wazazi wengi kula maana yake ni ugali au wali. Chai, andazi, biskuti na juisi hatuvihesabu. Tumbo la mtoto linavihesabu, na likishajaa halina nafasi ya maharage.

Tulimpima. Utepe wa mkono ulionyesha rangi ya kijani, kwa hiyo hakuwa amekonda. Urefu wake ulikuwa sentimita 86, na hapo ni mfupi kwa mtoto wa miaka mitatu. Wingi wa damu ulikuwa 8.1, wakati mtoto wa umri wake anatakiwa kuwa na 11 au zaidi. Bibi akaongeza, kama jambo dogo, kwamba mtoto anapenda kumega udongo wa ukutani na kuula.

Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulike, lakini hali yenyewe ni ya kawaida. Naisimulia kwa sababu nataka tuzungumze, mzazi mwenzangu, juu ya mtoto anayechagua chakula. Na nataka tuanze na swali ambalo mara nyingi hatujiulizi: mtoto anapokataa chakula, sisi tunampa nini badala yake?

Takwimu zinatuambia nini

Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 34. Tumepiga hatua, ingawa bado ni watoto watatu katika kila kumi.

Upande wa damu hali ni tofauti. Utafiti huohuo ulikuta karibu watoto sita kati ya kumi, wenye umri wa miezi 6 hadi 59, wana upungufu wa damu. Miaka saba kabla yake hali ilikuwa karibu hivyohivyo. Sababu ziko kadhaa: malaria, minyoo, selimundu na maradhi mengine. Lakini chakula kimo, na kimo kwa uzito mkubwa. Mtoto anaweza kushiba wanga kila siku na damu yake ikaendelea kupungua, kwa kuwa wanga hauna madini chuma ya kutosha.

Septemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) lilitoa ripoti iliyosema kwamba kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliopitiliza wamekuwa wengi kuliko wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hazijafika huko. Kwetu uzito pungufu ungali mkubwa zaidi. Lakini chanzo ambacho ripoti hiyo inakitaja kinatuhusu: vyakula vilivyosindikwa sana, vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi, vimeenea madukani na shuleni, na matangazo yake yanamfuata mtoto kila mahali.

Anayeishi Mikumi haelezwi mara mbili. Mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Mabasi na malori yanasimama, na biashara ya kando ya barabara ni ya vitu vya haraka: chipsi, soda, juisi za chupa, biskuti, krisps. Kilosa mjini nako, tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 na kupitia hapo, watu na bidhaa vinazunguka kwa kasi. Maendeleo hayo ni mema na yanaleta kipato. Lakini mtoto anayecheza karibu na meza ya vitafunwa ana kitu ambacho sisi tulipokuwa wadogo hatukuwa nacho. Akikataa mlo, mbadala mtamu uko hatua kumi kutoka mlangoni.

Kwa nini mtoto anachagua

Kwanza nikutoe hofu. Kuchagua chakula kati ya miaka miwili na sita ni jambo la kawaida kwa watoto duniani kote. Halitokani na uchawi, wala si ishara kwamba mama ameshindwa malezi.

Angalia ukuaji wenyewe. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi akitimiza mwaka. Ameongeza kilo 6. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi, na baada ya hapo karibu kilo mbili kwa mwaka. Mwili wake haukui tena kwa kasi ile, kwa hiyo hamu hupungua. Mzazi aliyezoea kuona bakuli linaisha huona ghafla mtoto anakula vijiko vitano na kuondoka. Anadhani ni ugonjwa, kumbe mara nyingi ni umri.

Pili, katika umri huo mtoto huogopa chakula asichokijua. Ameanza kutembea na kuokota vitu, na hofu hiyo huenda inamlinda asile kila anachokutana nacho. Mlenda unaovutika, kisamvu cheusi na dagaa wenye macho ni vitu vigeni kwake hata kama kwako ni mboga ya kila siku.

Hofu hii hupungua kwa mazoea. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Leann Birch na mwenzake, waliwapa watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua. Vingine waliwaonjesha mara chache, vingine hadi mara 20. Kadiri mtoto alivyoonja chakula mara nyingi zaidi, ndivyo alivyokipenda zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa mara nyingi huhitajika kuonja kati ya mara 8 na 15 kabla mtoto hajakubali chakula kipya.

Sasa tujiulize: ni nani kati yetu aliyempa mtoto mchicha mara kumi? Wengi tunampa mara mbili au tatu, akitema tunasema, "Huyu mchicha hali," na habari inaishia hapo. Tangu siku hiyo anaitwa mchaguzi. Anakua akilisikia jina hilo, naye analizoea.

Kumlazimisha hakusaidii

Njia ya kwanza tunayoikimbilia ni nguvu. Nimeona mtoto akilazwa mapajani, akibanwa pua na kumiminiwa uji. Tafadhali usifanye hivyo. Mtoto anayelia huvuta hewa kwa nguvu, na uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa na kufika kwenye mapafu. Anaweza kupata homa ya mapafu, na anaweza kufa palepale.

Hata nguvu ya maneno ina madhara yake. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwapa watoto wadogo supu, na wengine wakawa wanahimizwa kila mara wamalize. Waliohimizwa walikula kidogo kuliko walioachwa wale wenyewe, na waliisema supu hiyo vibaya zaidi. Fimbo mezani humfundisha mtoto kwamba chakula ni vita.

Njia ya pili ni hongo: "Kula mboga nikupe soda." Hapa mtoto anajifunza jambo moja tu, kwamba mboga ni adhabu na soda ni zawadi. Kesho ataichukia mboga zaidi.

Njia ya tatu ndiyo iliyomfikisha yule mtoto wa Mikumi kwenye damu ya 8.1. Mtoto akikataa tunaona huruma, tunasema, "Bora ale chochote kuliko kulala njaa," tunamtuma dada yake dukani. Mtoto ana akili. Akikataa ugali anapata biskuti, kwa hiyo kesho atakataa mapema zaidi.

Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kabisa vinywaji vyenye sukari. Chai ya rangi nayo, licha ya sukari yake, ina kemikali zinazozuia madini chuma yasifyonzwe. Mtoto anayekunywa chai pamoja na maharage hapati faida kamili ya maharage hayo. Hata maziwa yana kipimo. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja akinywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku hushiba maziwa, akaacha chakula, na damu yake hupungua. Hilo nawaambia hasa wazazi wa jamii za wafugaji walio jirani zetu wilayani Kilosa: maziwa na mtindi ni hazina, lakini yasichukue nafasi ya kila kitu.

Mzazi ana kazi yake, mtoto ana yake

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliweka kanuni ambayo naitumia kliniki na hata nyumbani kwangu. Mzazi anaamua mtoto ale nini, lini na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile. Kila mmoja afanye kazi yake na asiingilie ya mwenzake.

Kwa maisha ya Kilosa na Mikumi kanuni hiyo ina maana ifuatayo.

Panga saa. Milo mitatu na vitafunwa viwili kati yake vinatosha. Kati ya saa hizo mtoto apewe maji tu. Mtoto anayetafuna kitu kila dakika haji mezani na njaa, na njaa kidogo ndiyo kiungo cha kwanza cha chakula.

Mpe sahani yake. Hili nalisisitiza. Katika nyumba nyingi watoto wanakula sinia moja na kaka na dada zao. Wakubwa wana mikono mipana na wanakula haraka. Mdogo anatafuna tonge la pili, wenzake wamemaliza mboga. Tunamwita mchaguzi kumbe ameachwa nyuma. Akiwa na kibakuli chake utaona mwenyewe anakula kiasi gani.

Anza na kidogo. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila aina ya chakula, kinatosha kuanzia. Mtoto wa miaka mitatu awekewe vijiko vitatu vya maharage. Akimaliza ataomba. Sahani iliyojaa mlima inamkatisha tamaa kabla hajaanza.

Weka kigeni pamoja na anachokijua. Kama anapenda wali, mpe wali na kijiko kimoja cha majani ya maboga kando yake. Usimwambie ale. Mwache aguse, anuse, hata aonje na kutema. Kesho kutwa weka tena. Hesabu mpaka kumi na tano kabla hujakata tamaa.

Kaa naye mle pamoja. Mtoto huiga. Baba anayesema "mboga za majani ni chakula cha mbuzi" asishangae mwanawe kuzikataa. Zima simu na televisheni, na mlo usizidi nusu saa. Baada ya hapo ondoa sahani kwa upole, bila karipio na bila biskuti. Mlo ujao hauko mbali. Mtoto mwenye afya njema hatadhurika kwa kuruka mlo mmoja.

Kumbuka tofauti hii: mtoto mgonjwa, anayepona, au aliyekonda anahitaji kusihiwa na kulishwa kwa subira, kidogo kidogo na mara nyingi zaidi. Kusihi si kulazimisha. Mtoto aliye chini ya miaka miwili aendelee kunyonya.

Chakula kipo hapahapa

Mwaka 2023 Tanzania ilizindua mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji unaotaja makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta. Wazazi wengi wakisikia makundi sita wanadhani ni mambo ya watu wenye fedha.

Tuhesabu pamoja ya kwetu. Mahindi na mpunga tunalima. Mbaazi, kunde, choroko, ufuta na alizeti vipo. Pale Ilonga, kilomita chache kutoka Kilosa mjini, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mbegu za mahindi, mtama, alizeti na jamii ya kunde. Matembele, mchicha, kisamvu, majani ya kunde na ya maboga yanaota karibu na nyumba. Maembe, mapapai na mapera yana misimu yake. Dagaa wakavu hawahitaji jokofu. Kuku wanazunguka uani.

Hapo kwenye kuku ndipo penye mazungumzo magumu. Kaya nyingi zinauza mayai, na sehemu ya fedha hiyo inarudi nyumbani ikiwa biskuti na juisi. Najua mayai ni sabuni, ni chumvi, ni daftari la shule. Siwezi kukukataza kuuza. Naomba tu yai moja, mara tatu au nne kwa wiki, lisifike stendi. Yai moja lina protini ya gramu sita hivi pamoja na vitamini ambazo pakiti ya biskuti haina. Ni laini, na watoto wengi wachaguzi hulikubali.

Kwa mtoto asiyependa mboga, mbinu za jikoni husaidia. Katakata majani madogo madogo, pika na karanga zilizosagwa, weka mafuta kidogo. Kamulia limau au ndimu chakula kikiwa tayari, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Kipande cha embe au papai baada ya kula hufanya kazi hiyohiyo. Dagaa wasagwe unga na kijiko kimoja kiingie kwenye mchuzi. Hata hivyo usifiche kila kitu siku zote. Mtoto anahitaji kuuona mchicha na kuujua kwa jina lake. Na mwachie akusaidie kuchambua mboga; anayeichambua huwa mwepesi wa kuionja.

Angalizo moja: karanga nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Zisagwe.

Kuhusu unga wa lishe, nimeona mchanganyiko wenye mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano pamoja, ukiuzwa kama tiba ya mtoto asiyekula. Nafaka tano ni kundi moja la chakula mara tano. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha. Soya ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Karanga ni bora zisagwe kidogo kidogo na kutiwa wakati wa kupika, kwa sababu zikikaa ndani ya unga huharibika upesi. Mahindi na karanga zenye ukungu usiwape watoto wala kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Sehemu ya serikali, sehemu ya shule

Sitaki kumbebesha mama peke yake mzigo huu. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mkataba wa usimamizi wa lishe unaokwenda hadi 2030. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kiasi hicho hakinunui hata chakula cha siku moja. Kazi yake ni elimu, upimaji na uratibu. Kwa hiyo ni haki yako kuuliza kwenye mkutano wa kijiji: Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayotakiwa kufanyika kila robo mwaka, hapa kwetu mara ya mwisho ilifanyika lini? Watoto wangapi walipimwa? Nani alitufundisha kupika?

Shuleni, mlo wa mchana unategemea sana mchango wa wazazi. Mtoto asiyekula shuleni anakula getini: barafu za rangi, pipi, krisps, ubuyu uliotiwa rangi. Mexico mwaka 2025 ilianza kuzuia vinywaji vya sukari na vyakula vilivyosindikwa sana kuuzwa katika shule za umma. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria kutoka mbali ili kukubaliana kwenye kikao cha wazazi kwamba mama anayeuza getini auze mihogo ya kuchemsha, ndizi, machungwa, karanga na mayai. Hatapoteza riziki yake, na watoto watapata chakula. Makande ya shule nayo yawe na maharage kweli, yasiwe mahindi yanayotafuta maharage.

Wakati gani uje hospitali

Usimwite mtoto mchaguzi kabla hajapimwa. Njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe ukiona lolote kati ya haya: uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama au umeshuka, utepe wa mkono unaonyesha njano au nyekundu, viganja na midomo vimepauka, anakula udongo, mkaa au mchele mbichi, anapaliwa au anakohoa kila akila, anaharisha au kutapika mara kwa mara, ana utando mweupe au vidonda mdomoni, ana homa au kikohozi kisichoisha, miguu imevimba, au alikuwa anakula vizuri na ghafla ameacha. Mtoto anayekubali vyakula vitatu vinne tu, akilia akiona vingine, na pia amechelewa kuongea au haangalii watu usoni, naye aonwe na daktari.

Usinunue dawa ya kuongeza hamu dukani. Nyingine zinamfanya mtoto asinzie tu, na zinakuchelewesha kugundua ugonjwa. Dawa za madini chuma nazo zitolewe kwa kipimo cha mtaalamu, na ziwekwe mbali na watoto kwa sababu zikizidi ni sumu. Mpeleke mtoto kwenye matone ya vitamini A na dawa za minyoo, yanayotolewa Juni na Desemba.

Yule mtoto wa Mikumi alikutwa na minyoo. Alipewa dawa ya minyoo na ya madini chuma, lakini maelekezo marefu zaidi yalikuwa kwa mama na bibi. Bibi alikuwa mgumu. "Daktari, nimuache alie njaa na mimi nipo?" Nikamwambia, "Bibi, humnyimi chakula. Unamwekea, unakaa naye, na dukani hamwendi." Tulikubaliana mambo matatu tu: sahani yake mwenyewe, chai iondoke wakati wa kula, na biskuti zisinunuliwe tena kila siku.

Waliporudi baada ya mwezi damu ilikuwa 9.6. Udongo ameacha. Kisamvu bado anakataa, bibi alisema, lakini maharage anakula na yai analidai mwenyewe. Urefu hatuwezi kuurudisha kwa mwezi mmoja, na ndiyo maana nawasihi msisubiri. Wiki ya kwanza, bibi alikiri, ilikuwa ya kelele. Siku ya nne majirani walimuuliza kama mtoto anaumwa.

"Nikawaambia anajifunza kula," alisema, kisha akauliza kisamvu wamempa mara ngapi mpaka sasa. Mama akahesabu kwa vidole: mara sita. Bado mara tisa.